Macho Mekundu ya Dracula Yakisomwa Nansio

Ziwa linalopiga ufukwe wa Nansio, kisiwani Ukerewe, lilipewa jina la Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1858, pale msafiri John Hanning Speke alipoliona akiwa upande wa Mwanza. Wafanyabiashara waliotoka pwani walikuwa wakilitaja kwa jina la Ukerewe. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika kisiwani hapa kumwomba mtemi Lukonge mitumbwi ya kuvushia msafara wake kwenda Buganda, na Agosti mwaka huohuo akawamiminia risasi watu wa kisiwa cha Bumbire waliokuwa wamesimama ufukweni. Desemba 1877 wamisionari wawili waliotumwa kutoka Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara Songoro. Anayedhani enzi za Victoria ni mambo ya kule kwao tu, hajauliza wazee wa kisiwa hiki.

Stanley huyohuyo alikuwa mmoja wa wageni wa meza ya Henry Irving, mwigizaji mashuhuri wa London. Meneja wa ukumbi wa Irving, uitwao Lyceum, alikuwa Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, ambaye baadaye aliandika habari za Stanley katika kumbukumbu zake za Irving zilizotoka 1906. Kabla ya hapo, mwaka 1897, Stoker alikuwa ametoa riwaya ya kutisha aliyoiita Dracula. Basi mtu aliyevuka maji ya Nansio na mtu aliyemuumba mnyonya damu maarufu kuliko wote duniani walikula chakula pamoja.

Je, riwaya hiyo ina cha kumpa msomaji wa leo, na hasa msomaji wa Ukerewe? Jibu langu ni ndiyo, ila sababu yangu si ile inayotajwa kila siku. Meno marefu hayamtishi tena kijana aliyekwisha kutazama filamu mia kwenye simu. Thamani ya kitabu hiki iko kwingine: kinaonyesha hatua kwa hatua jinsi watu wema, wasomi, wanaopendana na kumcha Mungu, wanavyofikia uamuzi wa kumchoma binadamu moyoni kwa mti uliochongwa, bila mtuhumiwa kupewa nafasi ya kusema neno. Kanda ya Ziwa inalijua jambo hilo, na haikulijua kwa kusoma riwaya.

Kwanza tukitenge kitabu na sinema, maana wengi wetu tulimjua Dracula kwenye kibanda cha video, mtafsiri akinguruma kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Filamu ya Kijerumani Nosferatu ya mwaka 1922 iliichukua hadithi bila ruhusa. Florence, mjane wa Stoker, akashitaki, na mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Baadhi zilinusurika. Mwaka 1931 Bela Lugosi akamvika Dracula joho na lafudhi ambayo haijamtoka hadi leo. Hata Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ya mnyonya damu wa Kibongo. Kwenye kitabu mambo ni tofauti. Dracula ni mzee mwenye masharubu meupe, anayezidi kuwa kijana kadiri anavyokunywa damu. Anatembea mchana katikati ya London. Wazo la jua kumuua lilitoka kwenye Nosferatu. Mwishoni anauawa kwa visu viwili, wala si kwa mti. Na jambo ambalo sinema huwa zinalificha: baada ya sura nne za mwanzo haonekani mara nyingi. Tunasoma habari zake kwa vinywa vya wengine.

Hadithi yenyewe ni hii. Jonathan Harker, wakili kijana, anatumwa Transylvania kukamilisha hati za nyumba ambayo bwana mmoja wa huko anataka kuinunua karibu na London. Njiani wanakijiji wanamsihi asiende. Mama mwenye nyumba ya wageni anapiga magoti na kumvalisha rozari shingoni. Anaenda. Kwenye ngome hakuna mtumishi hata mmoja, hakuna kioo, na mwenyeji wake haonekani akila. Harker anagundua kwamba yeye ni mfungwa. Kisha Dracula anasafiri kwa merikebu hadi mji wa Whitby, akiwa na masanduku 50 ya udongo wa kwao, na mabaharia wanatoweka mmoja baada ya mwingine. Anamnyonya Lucy Westenra mpaka anakufa. Lucy naye anafufuka na kuanza kuwinda watoto. Daktari Seward, mwalimu wake Van Helsing wa Amsterdam, Arthur Holmwood mchumba wa Lucy, Quincey Morris wa Texas, Harker na mkewe Mina wanaungana kumsaka.

Sura zile nne za mwanzo ni kazi ya fundi hasa. Hofu inaingia kidogokidogo kupitia mambo ya kawaida: kitanda kilichotandikwa na mwenyeji mwenyewe, barua zinazotumwa zikiwa na tarehe za mbele, mlango unaofungwa kwa nje. Sehemu ya merikebu Demeter nayo haijachakaa. Nahodha anaandika kila siku idadi ya watu wake inavyopungua, kisha anajifunga kwenye usukani ili chombo kisikose mtu hata akiwa amekufa. Watu waliowangoja ndugu zao ufukweni baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, watazisoma kurasa hizo kwa uzito ambao Stoker hakuweza kuuwaza.

Kuna pia sehemu zilizochakaa, na sioni sababu ya kuzitetea. Van Helsing anahutubia mno. Anamsifu Mina kwa kuwa na akili za kiume, kisha wanaume wote wanakubaliana kumficha habari kwa kuwa ni mwanamke, na upumbavu huo ndio unaompa Dracula nafasi ya kumfikia. Jamii ya Waroma inatajwa kama vibarua wa shetani, basi. Mbio za mwisho kurudi Transylvania ni ndefu kuliko zinavyostahili. Stoker mwenyewe hakuwahi kukanyaga Transylvania. Aliijua kwa kusoma maktabani, na jina Dracula alilipata mwaka 1890 kwenye kitabu alichokiazima Whitby. Msomaji wa Kiafrika ameshazoea kuandikwa na watu wasiomjua, na ataitambua mara moja ile Ulaya ya mashariki ya kubuni, iliyojaa washirikina na mbwamwitu, iliyotengenezwa ili London ionekane ina mwanga.

Hapo ndipo kitabu kinapoanza kugusana na sisi. Hofu kubwa ya Dracula ni hofu ya mgeni mwenye uwezo. Huyu bwana hafiki London kama mwizi wa usiku. Amesoma vitabu vya sheria vya Kiingereza, ratiba za treni, majina ya mawakili. Amejifunza lugha ili apite mitaani bila mtu kugeuka kumtazama. Ananunua nyumba kwa hati halali. Mwingereza wa 1897, ambaye taifa lake lilikuwa likiingia katika nchi za watu kwa namna hiyohiyo, kwa mikataba, ramani na wakalimani, aliketi kitini akaogopa kufanyiwa alichokuwa akikifanya. Wahakiki wa Ulaya wamelisema jambo hili kwa miaka mingi. Ila wao wanalisema kwa kubahatisha upande wa pili unafananaje. Upande wa pili sisi tunaujua, kwa sababu tulikuwa na hadithi yetu ya kunyonywa damu, na ndani yake mnyonyaji alikuja na gari na sindano.

Mumiani wamesimuliwa Afrika Mashariki nzima wakati wa ukoloni. Inasemwa kwamba watu walikamatwa usiku, wakatolewa damu, na damu hiyo ikawa dawa ya wakubwa. Nairobi na Kampala lawama ziliwaangukia wazimamoto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, na hakuzicheka. Alionyesha kwamba watu walikuwa wanazungumzia mambo halisi kwa lugha ya hofu: kazi za kulazimishwa, magari yasiyojulikana yanakotoka, watu wanaolipwa kwa kazi ambayo hakuna anayeieleza.

Ziwa letu lilikuwa na sababu zake. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu wapatao 250,000 upande wa Uganda. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, alikuja kwenye visiwa vya Sese, akawachoma wagonjwa dawa iitwayo atoxyl. Baadhi yao wakapofuka. Karibu zaidi na Nansio, mwaka 1949 kituo cha utafiti wa matende kilianzishwa Mwanza, na katika miaka ya 1950 watafiti walifanya kazi kwenye kisiwa cha Ukara, ambacho leo ni sehemu ya wilaya hii. Sasa tazama sayansi inavyoweza kuvaa nguo za mumiani bila kukusudia. Vimelea vya matende, kwa tabia yao, hujazana usiku kwenye mishipa midogo ya damu. Mchana hujificha ndani ya mwili. Anayetaka kuvipata inambidi atoe watu damu usiku. Mtafiti alikuwa na sababu njema kabisa ya kitabibu. Lakini mgeni anayefika gizani na taa na sindano, akachukua damu ya watu wazima na watoto, akaenda nayo ng'ambo ya maji asirudi na jibu, angeeleweka vipi na mtu aliyekwisha kusikia habari za mumiani?

Msomaji mwenye historia hiyo akikifikia kisa cha Lucy, anakutana na jambo ambalo London haikuliona. Lucy anaongezewa damu mara nne, kutoka kwa wanaume wanne, na hakuna anayepima kundi la damu, maana Karl Landsteiner alichapisha ugunduzi wa makundi hayo mwaka 1901. Kwa elimu ya leo, Van Helsing angeweza kumuua mgonjwa wake kwa tiba yenyewe. Kitabu kina wanyonya damu wawili, basi: mmoja anachukua kwa meno, mwingine anahamisha kwa mrija, na Stoker hakumshuku huyu wa pili hata kidogo. Mtu wa Ukerewe anayejua umuhimu wa damu salama kwa mama anayejifungua, na anayejua pia mashaka ya majirani zake juu ya kuchangia damu, anaweza kuisoma sehemu hiyo kwa macho mawili kwa pamoja. Mashaka hayo si ya kupuuza. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya raia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya mbili.

Nikitaka kuonyesha kwa nini kitabu hiki kisomwe Nansio kuliko hata Whitby, nitachagua kitu kimoja: macho mekundu.

Usukumani na maeneo ya jirani, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa ushahidi. Sababu ya wekundu huo inajulikana: ni moshi. Mwanamke aliyepikia maisha yake yote ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi au kwa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipoadimika, macho yake yatakuwa mekundu uzeeni. Ugonjwa wa jikoni unageuzwa hati ya kifo. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, ng'ombe au urithi, na mpiga ramli chonganishi anayetaja jina kwa malipo.

Dracula naye ana macho mekundu. Whitby, Lucy akiwa amesimama na Mina juu ya kilima jioni, anamwona mtu kwa mbali na kunong'ona juu ya macho yake mekundu. Mina anatazama na kwa kitambo naye anayaona. Kisha anagundua kilichotokea: jua linalotua limepiga madirisha ya kanisa, na mwanga umebadilika jua lilipozidi kuzama. Hayo ni maelezo mazuri, ya mtu mwenye akili timamu. Na riwaya nzima, kuanzia hapo, inafanya kazi ya kumfundisha Mina aachane nayo. Baadaye, kwa kufuata mafundisho ya Van Helsing, Mina mwenyewe anamtaja Lombroso, msomi wa Kiitalia aliyedai kwamba mhalifu hutambulika kwa umbo la kichwa na uso. Safari ya kutoka kwenye dirisha la kanisa hadi kwa Lombroso ndiyo safari ya riwaya hii, na ndiyo safari ya kijiji kinachotoka kwenye moshi wa jikoni hadi kwenye panga.

Angalia pia nani anasema na nani hasemi. Dracula ni riwaya ya shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, na sauti ambazo Daktari Seward anazirekodi kwenye fonografu. Mina anazipiga zote chapa, anazipanga kwa tarehe, na jalada hilo linakuwa silaha ya kundi. Ushahidi unaonekana mwingi. Lakini wote walioandika ni wa upande mmoja. Dracula hana shajara. Maneno yake yote tunayapata kupitia maadui zake. Lucy baada ya kufufuka hana barua hata moja. Na katika maelezo mafupi ya mwisho, Harker anakiri kwamba katika lundo lile la karatasi karibu hakuna hati ya asili iliyobaki: ni kurasa zilizopigwa chapa tu, ambazo hawatarajii mtu wa nje azikubali kuwa uthibitisho. Niliposoma hapo nilirudi mwanzo wa kitabu, na nakushauri nawe urudi.

Kundi hili lina madaktari wawili, bwana mwenye cheo, na wakili Harker. Van Helsing naye anasema amesomea sheria. Hakuna hata siku moja wanapofikiria kwenda mahakamani. Wanavunja makaburi usiku. Wanaingia kwenye nyumba ya watu huko Piccadilly kwa kumdanganya fundi wa makufuli mbele ya polisi. Wanakula kiapo. Na pale kaburini kwa Lucy, anayeshika nyundo ni Arthur, mchumba wake, kwa sababu Van Helsing amewaambia kwamba mkono wa anayempenda ndio unaofaa. Kwa anayeijua historia ya sungusungu, makundi ya ulinzi yaliyoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, picha hii si ngeni. Yalianza kwa haja ya kweli, watu wakarudishiwa mifugo yao, na kisha katika baadhi ya vijiji yakageukia wanawake wazee. Ndugu mara nyingi hawakuwa mbali.

Stoker alijipa ruhusa ambayo maisha hayatoi: ndani ya kitabu chake, mtuhumiwa kweli ni mnyonya damu. Lucy kweli amemshika mtoto. Kwa hiyo nyundo inahesabiwa kuwa tendo la huruma. Msomaji wa London aliweza kufunga kitabu akalala, maana hapakuwa na jirani wa kumtilia shaka. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hana starehe hiyo, na kwa kukosa starehe hiyo anasoma kwa kina zaidi. Anauliza swali ambalo riwaya inalikwepa: je, kama wangekuwa wamekosea?

Stoker aliliacha swali hilo likichungulia mahali pamoja, labda bila kujua. Katika sura ya nne, mama mmoja asiyetajwa jina anafika chini ya ngome akilia. Mtoto wake ameibwa. Anainua macho, anauona uso dirishani, na anaulilia ule uso umrudishie mwanawe, akiuita jitu. Uso ule ni wa Harker, mtu asiye na hatia. Mama yule amemkosea mtu. Muda mfupi baadaye mbwamwitu wanamla, na Harker anaandika kwamba hakuweza kumhurumia, kwa kuwa alikwisha kujua yaliyompata mtoto na kufa kulikuwa nafuu kwake. Aya hizo chache ndizo zinazonitisha mimi kuliko kitabu kizima. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilishuhudia watoto na watu wazima wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na Ukerewe ina familia nyingi zenye watu wenye ualbino. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo hahitaji kusimuliwa habari za jitu linalokuja usiku na mfuko. Anachohitaji ni watu watakaomsikia anapolia, na Harker hakuwa mmoja wao.

Kuna watakaosema kwamba kwa sababu hizohizo kitabu hiki kisiletwe karibu na vijana wetu. Kwamba tuna hofu za kutosha na hatuhitaji kuagiza nyingine. Hoja hii naiheshimu, maana imetoka kwa watu waliozika. Lakini hofu tuliyonayo haikuletwa na riwaya wala haitaondoka kwa kufungia riwaya. Sheria ya uchawi ipo tangu 1928. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Amri zina kazi yake, ila hazimfundishi mtu kupima ushahidi. Riwaya inaweza, kwa kuwa inamkalisha msomaji upande wa wasakaji, inamfanya atake mtuhumiwa afe, kisha mwalimu mzuri anamuuliza: umejuaje?

Wengine watasema tuna wetu wa kutosha. Ni kweli, tena kisiwa hiki kina utajiri ambao miji mikubwa haina. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Alifariki 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Ndani yake mganga ni mtu wa kazi kama mtu mwingine wa kazi, anayetafuta dawa ya ugumba kwa subira. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, aliandika Kichwamaji mwaka 1974, ambamo mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa mno na baba yake anajiua. Kisha Nagona na Mzingile, vitabu vinavyotisha kwa ukimya wake. Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, alitoa Janga Sugu la Wazawa mwaka 2001 akilikabili suala la uchawi ana kwa ana. Nje ya kisiwa kuna C. G. Mung'ong'o na Mirathi ya Hatari ya 1977, kijana akirithishwa uchawi wa babaye. Na kuna Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, alimtuma mpelelezi wake, Bwana Msa, kwenye mzimu kufanya uchunguzi.

Hiki cha mwisho ndicho ningekisoma sambamba na Dracula. Viwili hivi vinakwenda njia mbili zinazopingana. Kwa Abdulla, watu wanaamini ni mzimu, na uchunguzi unaonyesha kuna mkono wa binadamu mwenye maslahi. Kwa Stoker, watu wanaamini ni ugonjwa au wazimu, na uchunguzi unaonyesha kuna mzimu. Mzanzibari, ambaye Mwingereza wa 1897 angemhesabu kuwa mshirikina, ndiye aliyeandika riwaya ya akili. Mtu wa London ndiye aliyewafundisha madaktari kubeba kitunguu saumu. Darasa la kidato cha nne likiwekewa vitabu hivyo viwili mezani litajadiliana mpaka kengele ya mwisho.

Inabaki lugha. Kiingereza cha Dracula ni kigumu, hasa mzee wa Whitby anayeongea lahaja ya Yorkshire na Van Helsing anayevunja sarufi kila sentensi. Ndiyo maana nasema kitabu hiki kifasiriwe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Frederick Johnson na wenzake walitupatia Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Rider Haggard na Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson. Walitupa safari na dhahabu. Stevenson huyohuyo alikuwa ameandika mwaka 1886 kisa kifupi cha Daktari Jekyll, muungwana anayekunywa dawa ili uovu wake utoke nje ukatembee, lakini hicho hakikuwekwa kwenye rafu ya wanafunzi wa koloni. Mzungu shujaa alifaa kusomwa na Waafrika. Mzungu anayejiogopa hakufaa. Kwa ufundi, Jekyll ni kitabu kilichosukwa vizuri kuliko Dracula, na asiye na muda aanze na hicho. Lakini kwa maswali ya ziwa hili, Dracula ana zaidi ya kutuuliza.

Stoker alikufa mwaka 1912, hakimiliki ya kitabu imekwisha zamani, na hakuna mrithi wa kuombwa ruhusa wala kulipwa. Mfasiri akitokea Ukerewe itakuwa bora zaidi. Mzee wa Whitby, aliyezeeka baharini, aongee kama mvuvi wa Nansio aliyezeeka kwenye dagaa na karabai. Van Helsing aongee Kiswahili cha padri mgeni. Maneno ya Lucy juu ya macho mekundu yafasiriwe kwa uangalifu kuliko sentensi nyingine zote za kitabu. Walimu wa fasihi wa Mwanza na Ukerewe, wachapishaji wa Dar es Salaam, na kijana mwenye kompyuta na subira: kazi hii inawangoja, na ianze na zile sura nne za mwanzo.